Si Kila Maumivu ni Chango: Mambo ya Kufanya na Kutofanya Mimba Inapochelewa

Hapa Mambrui neno chango limebebeshwa mzigo lisiouweza. Mwali anayegaragara kila mwezi ana chango. Mke aliyeharibikiwa na mimba 2 ana chango. Aliyekaa miaka 4 bila kushika mimba, naye chango, na mizizi inachemshwa. Chini ya jina hilo moja yamejificha maradhi yasiyofanana hata kidogo: mirija iliyoziba, uvimbe wa fuko la uzazi, mayai yasiyokomaa, na hata kichocho. Kila moja lina tiba yake, na mengi huzidi yakifichwa.

Hesabu sawasawa. Mimba huhesabiwa kuwa imechelewa ikipita miezi 12 ya kukutana na mumeo mara kwa mara bila kinga yoyote. Ukiwa umevuka miaka 35, usingoje zaidi ya miezi 6. Ukiwa na 40, nenda sasa. Miezi ambayo mume yuko Saudia, au wewe ndiye uliyekwenda kufanya kazi huko, haimo. Mke aliyelala na mumewe majuma 6 katika miaka 3 ya ndoa hajachelewa, hajapata nafasi.

Andika siku zako. Wanawake wetu wanajua kuhesabu siku za hedhi, kwa kuwa Ramadhani ikiisha lazima wajue funga ngapi za kulipa. Basi hesabu hiyo isiwe ya mwezi mmoja wa mwaka. Andika siku damu ilipoanza na ilipokatika, kila mwezi, na daftari uende nalo hospitali. Kipimo cha damu cha kujua kama yai limetoka hufanywa siku 7 hivi kabla ya hedhi inayofuata. Asiyejua siku zake hupimwa siku isiyokuwa, akapewa jibu la uongo.

Usipuuze dalili hizi. Hedhi inayorudi kabla ya siku 21 au baada ya 35. Hedhi iliyokatika miezi 3 na mimba hakuna. Maumivu yanayokuzuia kwenda shule au kazini, au yanayokushika wakati wa tendo la ndoa. Maziwa yanayotoka na hunyonyeshi. Ndevu za kidevuni zinazokuja pamoja na hedhi isiyo na mpango. Mimba kutoka mara 2 au zaidi. Na ikiwa uliwahi kutibiwa kifua kikuu, sema, maana kinaweza kushuka hadi kwenye mirija ya uzazi. Dalili moja haimaanishi huzai. Maana yake ni kwamba upimwe.

Kumbuka maji uliyochezea utotoni. Hili ndilo linalosahauliwa zaidi, na kaunti yetu ya Kilifi ni katika zile zenye kichocho cha mkojo. Konokono wa maji baridi ndani ya mabwawa na mifereji humwaga vijidudu vinavyopenya ngozi ya anayeoga, anayefua au anayechota maji. Maji ya bahari hayana kichocho hiki. Mwilini vijidudu hivyo hukua wakawa minyoo, na mayai yao huganda kwenye kibofu, ndiyo mtoto akakojoa damu, nasi tukasema atapona akikua. Kwa msichana, mayai hayohayo huweza kuganda kwenye mlango wa uzazi na mirija. Akishaolewa anatokwa na damu baada ya tendo, ana maumivu na uchafu usiokoma, anapewa dawa za magonjwa ya zinaa mara 3 bila kupona, na mumewe anaanza kumshuku. Mwambie muuguzi waziwazi: nilikojoa damu utotoni, nimeoga bwawani. Dawa ya prazikwanteli huua minyoo, lakini kovu lililokwisha kujengeka haliondoi. Kwa hiyo mtoto mwenye damu kwenye mkojo atibiwe juma hilohilo.

Usitie kitu ndani. Shabu, chumvi, magadi, sabuni, majani ya kusaga: vyote hapana. Vinachubua na kufungua njia ya maradhi.

Usifiche uchafu wenye harufu au usaha. Kisonono na klamidia hupanda hadi kwenye mirija na kuiziba, na klamidia huweza kufanya hivyo bila maumivu yoyote. Mtibiwe wawili kwa pamoja, la sivyo mtaambukizana tena. Mirija ikishaziba, njia inakuwa ndefu na ya gharama, pengine hadi mimba itungwe maabara: mama wa Louise Brown, mtoto wa kwanza duniani kutungwa maabara, aliyezaliwa Uingereza mwaka 1978, alikuwa na mirija iliyoziba.

Mume apimwe mwanzo, si mwisho. Takriban nusu ya mimba zinazochelewa zina sababu upande wa mwanamume, peke yake au pamoja na mkewe. Kuwa na mtoto kwa mke wa kwanza hakumwondolei kipimo. Akae siku 2 hadi 7 bila kumwaga, na manii yafike maabara ndani ya saa 1. Asiyatoe Mambrui akayapeleka Malindi kwa matatu, ayatoe hukohuko. Akiwa na mshipa, yaani busha, amwonyeshe daktari bila haya.

Usinunue vidonge vya kukomaza yai dukani kwa sababu vilimsaidia wifi yako. Kama mirija imeziba au mbegu za mume ni chache, unameza bure.

Usilaumu sindano ya uzazi wa mpango kabla ya wakati. Baada ya sindano ya mwisho, mimba inaweza kuchukua miezi 10 au zaidi. Haikuharibu kizazi.

Nanyi mavyaa, msimwite mkazamwana tasa. Msimtafutie mganga wa kumtoa jini mahaba na kijana wenu hajapimwa. Dua ombeni, na nauli ya Malindi mtoe.

Usingoje asubuhi. Hedhi ikichelewa, kisha ukashikwa na maumivu makali upande mmoja wa tumbo, kizunguzungu, au maumivu ya bega, huenda mimba imetunga kwenye mrija. Mrija ukipasuka damu humwagika ndani na huioni. Hapo usilale, usikandwe tumbo, usipewe mzizi. Itafutwe gari usiku huohuo, mvuke daraja la Sabaki hadi hospitali Malindi, na mkifika mapokezi yawe haya maneno ya kwanza: sijaona hedhi, na tumbo linaniuma upande mmoja.