Mafuta Yalifaayo Lori Kuukuu la Dizeli

Ifikapo Oktoba, mahindi yakianza kuvunwa, malori makuukuu ya dizeli hupata kazi nyingi katika njia za Kitale. Basi mwenye lori na ajue ya kuwa kila mafuta yana kazi yake.

Kwanza, dizeli. Kazi yake si kuwaka tu, bali pia hulainisha pampu inayoipeleka katika injini. Mafuta ya taa hayana utelezi wa kutosha. Yakichanganywa na dizeli, vyuma vya pampu husagana, na bei ya pampu nyingine ni kubwa kuliko fedha iliyookolewa. Dawa za kutiwa katika tangi haziwezi kuponya pampu iliyokwisha kulika.

Pili, mafuta ya injini. Yachaguliwe yale ya injini za dizeli. 15W-40 hufaa malori mengi ya zamani, ila kitabu cha lori ndicho kifuatwe.

Tatu, mafuta ya breki. Mafuta ya injini yasitiwe kamwe badala ya hayo, kwa maana huvimbisha mipira ya breki, hata lori lenye shehena lishindwe kusimama mteremkoni.

Senti chache zisiokolewe kwa kuhatarisha roho za watu.