Dawa hujuaje pa kukipiga kimelea?

Swali: Daktari, seli za vimelea vya malale zinafanana na zetu. Dawa huviuaje bila kutuua sisi?

Jibu: Watafiti husaka protini ambayo kimelea hakiwezi kuishi bila hiyo, kisha tofauti yoyote, hata ndogo, kati yake na sisi. Tazama eflornithini, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1990. Huziba kimeng'enya ambacho seli hukihitaji ili igawanyike. Nasi tunacho, ila miili yetu hukivunja na kuunda kingine upesi. Kimelea cha Afrika Magharibi na Kati hubaki na kilekile kilichozibwa, kikashindwa kuzaliana. Tofauti ni kasi tu! Kwa bahati mbaya, kimelea cha malale ya kwetu Tanzania hukibadilisha haraka zaidi, hivyo dawa hiyo haikiwezi. Ndiyo maana kila kimelea lazima kichunguzwe chenyewe.