SOMO KWA VYAMA VYA MSINGI: NI NANI WENYE CHAMA?

Katibu wa chama cha msingi akiulizwa ni nani wenye chama, hufungua daftari la wanachama na kuyasoma majina. Jibu hilo ni sahihi kisheria, lakini halimtoshi mtu anayetaka chama chake kiwepo baada ya miaka ishirini. Nje ya daftari wamo watu ambao maisha yao huguswa na kila azimio la chama, na ambao wasiporidhika chama hakitadumu. Siku hizi huitwa wadau. Neno limechakaa kwa warsha nyingi, lakini jambo lenyewe ni la kweli.

Mfano ulio wazi ni kata ya Enguserosambu, tarafa ya Loliondo, wilayani Ngorongoro. Katika nyanda zake za juu, upande wa mpaka wa Kenya, uko msitu wa asili wenye mitarakwa na mizeituni-pori. Wafugaji wa Kimaasai huingiza mifugo humo wakati wa kiangazi, malisho ya chini yanapokauka. Chemchemi zake huwapa maji, miti yake dawa, na kina mama hufukiza vibuyu vya maziwa kwa moshi wa mzeituni-pori. Nyuki nao wamo. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inawapa wanavijiji nafasi ya kusimamia msitu ulio katika ardhi yao, na watu wa Enguserosambu wamejiundia chombo cha udhamini kwa kazi hiyo. Mali kubwa namna hii haiandikwi katika mizania ya chama chochote. Hapo ndipo hatari inapoanzia.

Ichukuliwe kwamba mahali kama hapo pana chama cha wafuga nyuki chenye mizinga 40, na kwamba kila mzinga ukirinwa wote hutoa kilo 10. Tarakimu hizi ni za somo tu. Mnunuzi anakuja na fedha taslimu, anataka asali yote. Chama kinarina masega yote, hata yenye majana, na msimu wa kwanza kinauza kilo 400. Nusu ya makundi ya nyuki yanahama. Msimu wa pili zinapatikana kilo 200, na wa tatu kilo 100. Jumla ni kilo 700. Chama jirani, chenye mizinga kama hiyo, kinawaachia nyuki chakula chao na kuchukua kilo 7 tu kwa mzinga: kilo 280 kila msimu, yaani 840 kwa misimu mitatu.

Makatibu waitazame hesabu hiyo kwa makini. Mwisho wa msimu wa pili chama cha kwanza bado kinaongoza, kilo 600 kwa 560. Katibu wake atasifiwa katika mkutano mkuu, na huyo wa pili ataulizwa kwa nini analaza fedha msituni. Hasara huonekana uchaguzi ukiisha kupita.

Na hapo wamehesabiwa wanachama peke yao. Moto wa mrina asali mzembe ukishika nyasi, anayekosa malisho ni mfugaji asiye na hisa hata moja. Miti ikikatwa kwa mizinga ya magogo, anayefuata kuni mbali zaidi ni mama ambaye pengine jina lililoandikwa daftarini ni la mumewe.

Historia ya ushirika nchini inatoa onyo lake. Wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro walianzisha chama chao mwaka 1925, na KNCU ikafuata mwaka 1933. Ilikuwa mali yao waliyoijua. Lakini vyama vilipozidi kuenea baada ya Uhuru, vingi viliundwa kutoka juu, na tume iliyoteuliwa na Rais mwaka 1966 ilikuta wanachama wasioelewa mambo ya vyama vyao, pamoja na ubadhirifu na uongozi dhaifu. Mwaka 1976 Serikali ilivunja vyama vikuu, kazi zao zikapewa mamlaka za mazao, hadi sheria ya mwaka 1982 ilipovirudisha. Chama ambacho watu wake hawakijui hakina wa kukisemea siku ya shida.

Kongamano la ushirika wa kimataifa huko Manchester mwaka 1995 liliongeza kanuni ya saba, kuijali jamii. Kanuni hiyo haimpi kura asiye mwanachama, inataka asikilizwe. Njia nyepesi ni hii: kabla ya mkutano mkuu wenye ajenda ya mkataba, ardhi, maji au msitu, bodi iwaite wazee wa mila, kina mama, wafugaji wa vijiji jirani na serikali ya kijiji. Maneno yao yaandikwe katika muhtasari kama yalivyosemwa, hata yale makali, kisha yasomwe mbele ya wanachama kabla ya kura kupigwa.

Maswali ya kujadiliwa:

Ni kitu gani ambacho chama chenu hukitumia kila msimu bila kukilipia, na ni nani mwingine anayekitumia?

Mnunuzi akitaka jibu leo hii, na mkutano hauwezi kukaa kabla ya wiki mbili, katibu amwambie nini?