Mtoto Akiuchukia Mwili Wake

Zamani mgeni alipoingia nyumbani na kumwambia mama wa nyumba, "Naona umenenepa," mama alifurahi, maana maneno hayo yalikuwa ni kusema: una amani, chakula kipo, mume hakusumbui. Leo msichana wa kidato cha pili akiambiwa vivyo hivyo na shangazi yake huingia chumbani, hufunga mlango, na jioni akiitwa kula hujibu, "Nimeshiba." Shangazi hakutaka ubaya, alinena kama alivyowasikia wakubwa wake wakinena. Walakini neno limegeuka maana, na wazazi wengi hawana habari.

Jambo hili si la kwetu peke yetu. Katika visiwa vya Fiji, huko bahari ya Pasifiki, wenyeji tangu kale waliusifu mwili ulioshiba, na mtu akianza kukonda jamaa zake walifanya haraka kumlisha. Mwaka 1995 televisheni ilifika katika jimbo la Nadroga. Daktari mmoja wa Marekani, Anne Becker, aliwauliza wasichana wa shule habari za kula kwao wakati ule ule televisheni ilipofika, kisha akawauliza wengine wa rika lao mwaka 1998. Mara ya kwanza hakupatikana hata mmoja aliyesema kwamba hujitapisha ili apunguze uzito. Mara ya pili waliosema hivyo walikuwa asilimia 11. Kwetu Tanzania Bara matangazo ya televisheni yalianza mwaka 1994, na sasa picha zimo mkononi mwa mtoto, ndani ya simu, mpaka usiku wa manane. Sisemi kwamba picha peke yake huleta ugonjwa. Tabia ya kuzaliwa nayo, huzuni, na mzaha wa wenzake shuleni vina sehemu yao. Wala wavulana hawakusalimika: wako wanaojinyima ugali na kumeza unga wa makopo ili wapate kifua cha mcheza sinema.

Ugonjwa wenyewe si mpya. Mwaka 1873 daktari William Gull wa London na daktari Charles Lasègue wa Paris, kila mmoja kwa upande wake, walieleza habari za wasichana waliokuwa wakikonda hata kuwa mifupa mitupu bila kuonekana kuwa na kifua kikuu wala homa. Waganga wanauita anoreksia. Mgonjwa huisikia njaa, lakini hofu ya kunenepa inamtawala kuliko njaa. Akijitazama katika kioo huona mnene pale ambapo mama yake anahesabu mbavu. Katika magonjwa ya akili huu ni mmoja wa yale yanayoua zaidi, kwa kuwa moyo hudhoofika na madini ya damu hupungua.

Sasa naomba nikiri kosa langu mwenyewe. Sitalitaja jina la shule, na haya niyasemayo mama na binti wameniruhusu kuyaandika. Miaka michache iliyopita, wakati wa Kwaresima, niliitwa kutoa mafungo katika shule ya bweni ya wasichana. Matroni alinieleza kwa furaha kwamba yuko binti wa miaka 16 ambaye tangu Jumatano ya Majivu hunywa chai ya rangi asubuhi na kula vijiko vichache vya maharage jioni, basi. Nilisimama mbele ya wenzake nikamsifu. Wakati wa likizo ya mwezi wa Juni mama yake alimleta kwangu. Kulikuwa na joto, naye alivaa sweta mbili. Mikononi ameota nywele laini kama za mtoto mchanga, na damu yake ya mwezi ilikuwa imekoma tangu Machi. Pasaka ilikwisha kupita, naye bado "anafunga." Nilipomwuliza, alinitazama akasema, "Padre, siku ile uliponisifu ndipo nilipoapa nisirudi nyuma."

Tangu siku ile nimejifunza kuuliza kabla ya kusifu. Na ningependa kila mzazi aijue sheria ya Kanisa ilivyo, maana ni ya upole kuliko wengi wanavyodhani. Kanuni ya 1252 ya Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 inawapasa kufunga wale waliotimiza miaka 18 mpaka waanzapo mwaka wa 60. Siku zenyewe za mfungo ni mbili, Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, na hata siku hizo mtu hupata mlo mmoja kamili na chakula kidogo asubuhi na jioni. Mtoto wa miaka 16 hafungwi na sheria hiyo, na mgonjwa wa umri wowote hafungwi kamwe. Wengine hutaja Mtakatifu Katarina wa Siena, aliyekufa mwaka 1380 akiwa na miaka 33, ambaye alikuwa hali karibu kitu. Wasichojua ni kwamba yeye mwenyewe, katika barua yake, aliita hali ile udhaifu, akasema kwamba alimwomba Mungu amjalie kula kama watu wengine.

Je, mzazi afanye nini? Kwanza asianze kwa hasira, wala kwa sifa. "Kula, acha ujinga!" humfanya mtoto afiche chakula mfukoni. "Lakini wewe ni mzuri mno!" haliingii, kwa sababu haliamini. Afadhali kumwita faraghani na kusema jambo lililoonekana kwa macho: "Mwanangu, nimeona huli nasi tena, na baada ya kula wakimbilia chooni. Ni tangu lini chakula kinakuogopesha?" Halafu anyamaze, hata kama jibu linakawia. Kisha ampeleke hospitali apimwe uzito, moyo na damu. Na hapa nawasihi sana: mtoto aliyekaa muda mrefu na njaa asijazwe chakula kingi kwa ghafla nyumbani. Mwili uliozoea njaa ukipokea shibe ya mara moja, fosfeti na potasiamu za damu hushuka, na moyo waweza kusimama. Daktari ndiye apange kiasi cha kuanzia.

Baada ya daktari ndipo huja kazi ya mnasihi, nayo si kuhubiri. Yule aliyemsaidia binti huyu alianza kwa kuhesabu pamoja naye ni mara ngapi kwa siku anapima kifundo cha mkono kwa vidole vyake. Zilikuwa zaidi ya 30. Wakapatana zipunguzwe kidogo kidogo, na kila mara aandike ni wazo gani lililomjia kabla ya kupima.

Yule daktari Gull aliona kwamba jamaa wa mgonjwa ndio wauguzi wabaya kupita wote. Lakini katika hospitali ya Maudsley, London, mwaka 1987 waganga walionyesha kinyume chake kwa vijana ambao ugonjwa uliwashika kabla ya miaka 19 na haujatimiza miaka mitatu: hao walipata nafuu zaidi pale jamaa yote ilipotibiwa pamoja. Kwa njia waliyoianzisha, mnasihi hukutana na baba, mama na ndugu. Wazazi ndio wanaopakua chakula, ndio wanaokaa na mtoto mpaka amalize, bila ugomvi na bila kubembeleza kusikokwisha, nao humrudishia uhuru wake kadiri anavyopona. Miaka mitatu hiyo hupita upesi. Mama wa binti yetu alipoteza minne kati ya miezi yake akidhani mwanawe ana utakatifu, kwa sababu padre alisema hivyo.

Msaada upo katika idara za afya ya akili za hospitali kubwa, kama Muhimbili, au Bugando kule Mwanza, ambayo ni mali ya Maaskofu wetu. Najua jina la Mirembe huko Dodoma hutumika kwa kejeli mitaani, na baba wa binti huyu alisema waziwazi kwamba mwanawe si kichaa. Nilimwambia kwamba mimi pia sikusoma uganga seminarini, na kwa ujinga wangu tumefika hapa. Akakubali, ingawa kwa shingo upande.

Jumapili moja mama alinijia kabla ya Misa, mkononi ana chupa ya uji. Mnasihi amepanga binti anywe saa moja na nusu, Misa ni saa mbili, je, atakomunika? Nikamwonyesha kanuni ya 919: wagonjwa waweza kukomunika hata kama wamekula ndani ya saa ile iliyotangulia, na wanaowauguza vilevile. Wakaketi wote wawili nje, chini ya mwembe, wakaunywa uji pamoja, kikombe kwa kikombe. Kengele ikalia bado hajamaliza. Nikawangoja.