Somo: Watoto Wawili Wakiishiwa Damu Nyumba Moja

Tuseme jirani yako ana watoto wanne. Wawili wana selimundu, ule ugonjwa wa damu ambao wengine huuita siko seli. Jumatatu mkubwa anashikwa na homa na kichwa. Siku chache baadaye viganja vyake ni vyeupe, hata kwenda chooni hawezi. Anaongezewa damu hospitali. Kabla wiki mbili hazijaisha, mdogo wake naye anakuwa hivyohivyo. Watu wameshaanza kunong'ona: nyumba ile ina mkono wa mtu.

Hakuna mkono wa mtu. Ni mambo mawili yamekutana.

La kwanza ni la kurithi. Mtoto hupata selimundu akirithi kasoro ya damu kwa baba na pia kwa mama. Mama peke yake hawezi kuileta. Kwa hiyo mume anayemfukuza mkewe kwa ajili hiyo anamwonea bure. Chembe nyekundu za damu za mtu asiye na ugonjwa huo huishi siku kama 120. Za mwenye selimundu huishi siku 10 hadi 20 tu. Basi uboho, yaani ute ulio ndani ya mifupa, hutengeneza chembe mpya usiku na mchana. Ni kama mtungi unaovuja: maji hayaishi kwa sababu yupo mtu anayejaza.

La pili ni kirusi kinachoitwa pavovirusi B19. Kilitangazwa na wataalamu wa Uingereza mwaka 1975. Mwaka 1981 ikajulikana kuwa ndicho huwaishia damu watoto wa selimundu. Huenea kwa kukohoa na kupiga chafya. Kikiingia mwilini huuzuia uboho kufanya kazi kwa siku 7 hadi 10 hivi. Ndugu zao wasio na selimundu huenda wakapata mafua na vipele tu, maana chembe zao bado zina siku nyingi. Lakini mwenye selimundu, mjazaji ameondoka na mtungi unavuja! Na watoto wakilala chumba kimoja, wa pili hufuata.

Chanjo yake hakuna. Ukiona viganja na ulimi vimekuwa vyeupe, au mtoto anahema upesi, mpeleke hospitali yenye damu siku ileile. Usingoje kesho. Yule mwingine mwenye selimundu mpeleke pia apimwe, hata kama anacheza. Mama mjamzito asimuuguze mtoto huyo, kwani kirusi kinaweza kumwishia damu mtoto aliye tumboni.

Mtoto akipona, kwa kawaida ugonjwa huu haumrudii. Lakini wengine figo huharibika wiki chache baadaye, na za baadhi yao hazirudi kuwa nzima. Ukiona uso umevimba asubuhi, au mkojo una povu jingi, mrudishe akapimwe mkojo.

Maswali ya kuzungumza:
1. Kwa nini ndugu mmoja aliishiwa damu na mwingine akapata mafua tu?
2. Kutoka kijijini kwenu, hospitali yenye damu ni ipi, na usiku mtafikaje?