Bango Lisikuchagulie Sandwichi

Mwaka 2004 Stuart Frankel, mmiliki wa maduka mawili ya Subway huko Miami, alianza kuuza sandwichi ya futi moja kwa dola 5 siku za Jumamosi na Jumapili. Wateja walijaa. Kufika 2008 kampuni ikaitangaza bei hiyo Marekani nzima, na hadi leo wengi huipimia kila duka la sandwichi wanaloingia.

Ukitaka kuitumia bei hiyo kama kipimo, kumbuka kwanza kwamba thamani ya pesa imeshuka. Kilichonunuliwa kwa dola 5 mwaka 2008, mwaka 2024 kilihitaji kama dola 7.30. Kwa hiyo sandwichi ya futi moja ya dola 7 haijapanda bei hata kidogo, bali ile ya dola 12 imepanda kweli.

Urefu nao usikuhangaishe sana. Mwaka 2013 picha ya sandwichi ya Subway yenye inchi 11 badala ya 12 ilienea mitandaoni na watu wakaenda mahakamani. Ikabainika kwamba donge la unga lina uzito ule ule. Mkate ukiumuka zaidi kwa upana, hupungua urefu. Mlaji hakuwa amepunjwa chakula. Tazama kilichomo ndani: simama mbele ya kioo uhesabu vipande vya nyama vinavyowekwa, kisha fanya hivyo hivyo kwenye duka la pili. Bei nafuu ya mkate mtupu si nafuu.

Mara nyingi sandwichi nzima huwa na bei ya chini kuliko nusu mbili, basi nunua nzima mgawane, au nusu iende kwenye friji bila nyanya ili mkate usilowe. Bei ya bango kwa kawaida haina kodi. Kodi utaikuta kwenye risiti. Ukiagiza kwa programu za kuletewa nyumbani, bei ya chakula chenyewe mara nyingi huwa juu kuliko ya dukani, kabla hata ya nauli na bahashishi. Soda na chipsi za pakiti ndizo hasa zinazomaliza pesa. Beba maji yako.

Jambo moja watu hulisahau: punguzo lina anayelilipia. Subway iliporudisha bei ya dola 4.99 mwaka 2018, wamiliki wengi wa maduka walipinga, maana faida iliyokatwa ni yao. Naona ni haki yao, na ndiyo sababu ofa huwa haikubaliwi kwenye kila tawi. Uliza kabla hujaagiza.

Kwa mwenye familia, nafuu kubwa iko Jimmy John's, kampuni iliyoanzia Charleston, Illinois, mwaka 1983. Matawi yake huuza mikate mizima ya jana kwa bei ya chini. Ipashe kidogo kwenye oveni, uijaze mayai au kuku wa nyumbani.