Ruta Ikipoteza IMEI, Itafutie Namba Yake Yenyewe

Ruta nyingi za laini zinazoletwa kwangu hapa Kagondo zimeshaflashiwa mahali pengine ili zikubali laini za kampuni zote. Taa zinawaka, Wi-Fi inaonekana, bando lipo, ila mtandao haushiki. Ukifungua ukurasa wa mipangilio unakuta penye IMEI pamejaa sifuri. Aliyeingiza programu mpya amefuta na ile sehemu ya kumbukumbu inayotunza utambulisho wa kifaa. Kurudisha mipangilio ya kiwandani hakusaidii, kwa sababu kilichofutwa hakipo tena ndani.

Anza na lebo iliyo chini ya ruta au nyuma ya betri. Ikiwa imefifia, imulike kwa tochi kutoka ubavuni, piga picha, kisha ikuze. Hapo ndipo namba nyingi huonekana. Lebo ikiwa imebanduka, mwombe mwenye ruta atafute boksi, kadi ya waranti na risiti. Ruta kubwa za ofisini huwa na kadi ya modemu ndani, na juu ya bati lake namba imechapwa. Kama kadi hiyo iliwahi kubadilishwa, fuata namba ya kadi, si ya boksi, maana IMEI ni ya kile kinachozungumza na mnara.

Ukiipata, ihakiki. IMEI ina tarakimu 15: 8 za mwanzo zinataja aina ya kifaa, 6 zinazofuata ni za kifaa hicho peke yake, na ya mwisho ni ya ukaguzi. Chukua mfano unaotumika sana kufundishia, 490154203237518. Katika zile 14 za kwanza, zidisha kwa 2 kila tarakimu ya pili: 9 inakuwa 18, nayo unaihesabu 1 na 8. Jumla ya zote ni 52. Ili kufika 60 zinatakiwa 8, na 8 ndiyo ya mwisho. Hesabu ikigoma, huenda umesoma 3 mahali pa 8. Rudi kwenye picha. Kisha itume kwa SMS kwenda 15090, namba ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), uone kama jina la kifaa linalorudi ni la ruta yako.

Kuna mafundi watakaokwambia uweke namba ya simu mbovu. Kataa. Simu ile ikiripotiwa kuibwa na kufungiwa, ruta yako inafungwa nayo. Tena Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010 inakataza kubadili utambulisho wa kifaa, na Juni 2016 TCRA ilizima simu zenye IMEI bandia nchi nzima. Kwa mteja anayeendesha steshenari au uwakala wa pesa, hiyo ni riziki inayokatika.

Kwa hiyo kuiandika namba siifanyi kienyeji mezani kwangu. Nampa mteja ruta, picha ya lebo, boksi na risiti, apeleke kwa kituo cha huduma kinachotambuliwa na mtengenezaji, wao wairudishe ileile. Ikirudi, naiunganisha na kompyuta kwa waya wa USB na kutuma amri AT+CGSN, ambayo inasoma tu bila kubadili kitu. Jibu likilingana na lebo tarakimu kwa tarakimu, ndipo naweka laini.